Ringi ya Baiskeli Ikipasuka: Jinsi ya Kuikagua na Kuhamishia Spoku Kwenye Ringi Mpya

Ringi iliyopasuka haiponi. Naanza na hilo kwa sababu ombi ninaloletewa kuliko yote ni hili: "Fundi, nichomelee tu hapo, nimalize msimu." Huku Bonde la Kilombero msimu ni mavuno ya mpunga, na mavuno yakifika baiskeli hazilali. Gunia linatoka shambani juu ya keria, linapita njia iliyokauka na nyayo za ng'ombe, mpaka mashineni Ifakara. Mwenye baiskeli hana muda wa kungoja, wala hana pesa ya gurudumu jipya zima. Namwelewa. Mwaka mmoja nilimkubalia mzee mmoja, nikaichomelea ringi yake ya nyuma, nikaisugua ikang'aa, akashukuru akaondoka. Siku ya nne ringi ikafunguka kando kidogo ya pale nilipochomelea. Alianguka na madumu yake ya maji, akavunjika kifundo cha mkono. Tangu siku hiyo sijachomelea ringi ya mtu.

Lakini ringi kupasuka si kufa kwa gurudumu lote. Habu, kile kitovu cha katikati, ni ileile, gololi zimo, friwili inayovutwa na mnyororo ipo, spoku nyingi ni nzima, na tairi pengine halina hata mkwaruzo. Kilichokufa ni ule mduara wa nje, nao unauzwa peke yake dukani. Kuuhamishia spoku zako ni kazi ya mchana mmoja, ukiwa na spana ya spoku, bisibisi ya bapa, spana ya nati za gurudumu, tupa ndogo, vipande vya tyubu kuukuu vya kufungia, na subira. Nitaieleza kama ninavyomweleza kijana anayekuja kujifunza kibandani kwangu.

Dalili zake barabarani

Mara nyingi ringi hutoa taarifa kabla ya kufunguka. Utasikia "tik" moja kila gurudumu linapomaliza mzunguko. Utahisi breki inashika mahali pamoja na kuachia kwingine. Gurudumu ulilolinyoosha juzi linapiga nane tena leo, yaani linayumba kushoto na kulia likizunguka. Au tairi linaanza kuvimba upande mmoja, kana kwamba linataka kutoka.

Dalili inayodharauliwa kuliko zote ni spoku moja inayolegea, unaikaza, inalegea tena palepale. Watu huikaza kila wiki wakidhani nati yake, ile inayoishikilia kwenye tundu la ringi, ni mbovu. Nati haina kosa. Chuma cha ringi kimechanika kuzunguka tundu lake, na kila unapokaza unaivuta nati ipenye zaidi. Spoku ikilegea mara ya pili mahali palepale, weka spana chini, toa tairi, utazame.

Ukigundua ufa ukiwa njiani

Shusha mzigo, na abiria kama yupo. Kama ufa uko kwenye ukuta wa ringi, yaani ule ukingo unaoshika tairi, toa upepo wote. Upepo ndani ya tyubu husukuma kuta mbili zitengane, na ukuta uliopasuka unaweza kung'oka kwa kishindo. Achia breki ya gurudumu hilo ili raba zisiuguse ufa.

Kisha kokota. Kwa gurudumu la mbele sina msamaha hata wa mita 100: ringi ya mbele ikifunguka baiskeli husimama ghafla, na wewe unatupwa juu ya usukani. Kwa gurudumu la nyuma lenye ufa mdogo kwenye tundu la spoku, najua wengi wataendesha bila mzigo polepole hadi nyumbani, na wengi hufika. Mimi ningekokota.

Kuutafuta ufa

Geuza baiskeli juu chini, vua gurudumu, toa upepo, toa tairi, tyubu na ule ukanda unaofunika vichwa vya nati. Osha ringi kwa maji na sabuni ya unga, ukitumia mswaki wa zamani kuzunguka kila tundu, kisha uiache juani ikauke. Usiruke hatua hii. Matope huficha ufa, na matope yaliyokauka hufanana na ufa. Nimeona ringi nzima ikitupwa kwa sababu ya mstari wa udongo.

Sasa kaa kivulini na tochi ya simu, uimulike ringi kutoka ubavuni ili kila mstari utupe kivuli chake. Pitisha ukucha. Mkwaruzo una sakafu, ukucha unagusa chini na kupita. Ufa hauna sakafu, ukucha unanasa.

Anza na matundu ya spoku, hasa ya gurudumu la nyuma, maana huko ndiko ufa huanzia mara nyingi. Inafaa kujua kwa nini. Spoku ni waya wa kama milimita 2. Ukiukandamiza kwa kidole unapinda. Hauwezi kubeba mtu kwa kusimama kama mguu wa meza. Unafanya kazi kwa kuvuta. Spoku zote zinaivuta ringi kuelekea kwenye habu, na zile zinazofika chini hulegea kidogo uzito unapopita, kisha huvuta tena. Gurudumu la inchi 28 lina mzunguko wa mita 2.2 hivi, kwa hiyo katika kilomita 1 kila tundu linavutwa na kulegezwa kama mara 450. Safari ya kilomita 20 ni mara 9,000. Ongeza gunia juu ya keria, ongeza na spoku zisizokazwa sawasawa, na chuma kilicho kando ya tundu kinachoka kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa mpaka ukatike. Ndiyo maana baiskeli za zamani za mtindo wa Kiingereza zilipewa spoku 32 mbele na 40 nyuma: nyuma ndiko uzito ulipo.

Mahali pa pili ni ukuta ambao raba za breki husugua. Kila unapofunga breki, mchanga ulionasa kwenye raba unaula ukuta huo. Weka rula wima ubavuni mwa ringi. Ukiona mwanga kati ya rula na ringi, ukuta umebonyea. Ukuta wa alumini uliobaki na unene wa chini ya milimita 1 umeshamaliza kazi yake hata kama bado haujapasuka. Ringi nyingine za alumini huja na kijitobo au mfereji mdogo ubavuni kama alama. Ikifutika, muda wake umeisha. Baiskeli zenye breki za fimbo za chuma ni tofauti, raba zake hukandamiza upande wa ndani unaotazama habu, kwa hiyo kagua huko.

Mahali pa tatu ni kiungo. Ringi hutengenezwa kwa kipande kirefu kinachokunjwa mduara, na ncha zake hukutana mkabala na tundu la valvu. Nyingine huunganishwa kwa moto, nyingine kwa pini au kipande kilichochomekwa ndani, na hizo za pini huonyesha mstari ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo tangu siku zilipotoka kiwandani. Mstari huo si ufa. Unakuwa tatizo pale upande mmoja unapoinuka kuliko mwingine, au mwanya unapopanuka ukijaza upepo. Chora alama mbili za kalamu kila upande wa kiungo, pima umbali wake bila upepo, kisha upime tena tairi likiwa limejaa.

Tundu la valvu utalimaliza kwa kutupa jicho tu. Likiwa na kutu nyingi au ufa unaotoka pembeni, hesabu limekwisha.

Macho yakishindwa kuamua, tumia mafuta ya taa na chaki. Hii naipenda kuliko vifaa vyote nilivyonavyo, kwa sababu kila nyumba inaweza kuifanya. Pangusa ringi kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, uiache robo saa ili mafuta yaingie kila mwanya. Kisha ifute kwa kitambaa kikavu, uifute kabisa, mpaka ukigusa kidole hakitelezi. Saga chaki nyeupe iwe unga, uipake juu ya ringi tabaka jembamba, halafu igongegonge kwa mpini wa bisibisi. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hupanda na kulowesha chaki, nawe utaona mstari mwembamba kama unywele ukijichora polepole. Mafundi wa reli wa zamani walikagua ekseli kwa njia hiihii ya mafuta na chokaa, kabla ya mashine za kisasa kuwafikia.

Jambo moja zaidi kabla ya kwenda dukani: gusa ringi kwa sumaku, hata ile ya spika ya redio iliyokufa. Ikinasa ni ya chuma, isiponasa ni ya alumini. Ya chuma hupenda kupinda na kuliwa na kutu kabla ya kupasuka. Ya alumini ni nyepesi na haina kutu, ila ikichoka hupasuka.

Kwa nini siichomelei

Chuma cha ringi ni bati jembamba lililokunjwa. Moto wa kuchomelea huliyeyusha na kulitoboa, na likisalimika linabaki limepinda, na kando ya mchomeleo chuma kinakuwa kigumu na chepesi kukatika. Ndipo ringi ya yule mzee ilipofungukia. Alumini ni mbaya zaidi, kwa sababu nguvu yake ilipatikana kwa kupashwa moto kwa kipimo kiwandani, na moto wako unaifuta nguvu hiyo mahali palepale unapoihitaji. Kutoboa tundu mwishoni mwa ufa ili usiendelee ni mbinu halali kwenye bati nene la mashine. Kwenye ringi unaongeza tundu penye matundu mengi tayari. Gundi na rivu sizizungumzii. Na kumbuka, tundu moja likishapasuka kwa uchovu, majirani zake wamevutwa mara zilezile.

Kununua ringi inayofaa

Nenda na gurudumu lako, usiende na maelezo mdomoni. Hesabu matundu mara mbili: 32, 36 au 40. Tundu moja likipungua au likizidi, kazi haipo.

Halafu ukubwa, na hapa watu wengi hupoteza pesa. Inchi zilizoandikwa kwenye tairi hazitoshi. Soma namba ndogo yenye kistari, kama 40-635 au 47-559; ile ya pili ndiyo kipenyo cha ringi kwa milimita pale tairi linapokaa. Baiskeli ya milimani ya inchi 26 ni 559. Baiskeli ya mtumba kutoka Japani, ile yenye kikapu mbele, mara nyingi huandikwa 26 x 1 3/8, na kipenyo chake ni 590. Zote mbili zinaitwa "ishirini na sita" na muuza duka, lakini zinatofautiana milimita 31 na tairi la moja halitavaa kwenye nyingine. Vivyo hivyo kwa 28: ile ya 28 x 1 1/2 ya breki za fimbo ni 635, na ile ya 28 x 1 5/8 ni 622.

Kama breki zako ni za fimbo, ringi yako ina umbo lake, yenye sehemu bapa upande wa ndani ya raba kukandamiza. Ringi ya kawaida haitakupa breki.

Kuna kipimo cha mwisho ambacho wauzaji wengi hawakifikirii: kina. Spoku zako zina urefu wake, na urefu huo unategemea mahali vichwa vya nati vinapokalia ndani ya ringi. Pima ya zamani kutoka kikalio cha nati hadi kikalio cha mkabala wake, kisha mpya vilevile. Zikipishana milimita 2 au 3, spoku zako zitafaa. Zikipishana zaidi, ama ncha zitachomoza na kutoboa tyubu, ama zitashika nyuzi chache (mistari ya skrubu) za nati na kuchomoka mzigo ukipanda. Tafuta ringi nyingine, au nunua na spoku za urefu unaofaa.

Ilaze ringi mpya juu ya kioo cha kaunta uone kama inagusa pande zote. Kisha ining'inize kwenye kidole, uigonge, kama mama anavyogonga chungu sokoni kabla ya kukilipia. Iliyounganishwa kwa moto inapaswa kulia. Ya pini inaweza kutoa sauti butu bila kuwa na ubovu, kwa hiyo hapo tegemea macho.

Kuhamisha spoku

Usiku wa kuamkia kazi, tia tone la mafuta kwenye kila nati, ndani na nje. Mafuta ya injini yaliyochanganywa na ya taa yanatosha. Wenzetu wa Bagamoyo na Unguja, ambako chumvi ya bahari huzigandisha nati, watie siku mbili mfululizo.

Usizilegeze spoku ovyo. Anzia kwenye tundu la valvu, legeza kila nati nusu mzunguko, zunguka gurudumu zima, kisha rudia mpaka zote ziwe tepetepe. Ukilegeza za upande mmoja tu, ringi iliyopasuka inaweza kujikunja ghafla na kukukata mkono.

Ukishalegeza, weka ringi mpya ubavuni mwa ya zamani, tundu la valvu likitazamana na tundu la valvu, uzifunge pamoja sehemu nne kwa vipande vya tyubu. Kabla ya kuendelea, tazama tundu la kwanza la spoku kulia kwa valvu. Matundu ya ringi mara nyingi hayako katikati, moja huelekea kushoto na linalofuata kulia. Kama kwenye ringi ya zamani tundu hilo linaelekea kushoto, na kwenye mpya vivyo hivyo, mambo ni sawa. Kama zinapingana, kuigeuza ringi hakusaidii. Ukiigeuza inarudi kuwa vilevile, jaribu utaona. Kinachosaidia ni kuisogeza ringi mpya tundu moja. Valvu itaangukia mahali ambapo spoku zimebanana na pampu itaingia kwa shida kidogo, lakini gurudumu litakuwa imara.

Sasa anza. Chukua spoku iliyo jirani na valvu, fungua nati yake kabisa, ivute spoku upande, uichomeke kwenye tundu lake la ringi mpya, tia grisi kidogo kwenye nyuzi, rudisha nati na uizungushe mara tatu nne tu. Nenda kwa inayofuata. Usiruke, na usiitoe spoku kwenye tundu lake la habu, kwa maana jinsi zinavyopishana ndiyo nguvu ya gurudumu, na ukizihamisha moja moja mpangilio unajihifadhi wenyewe. Spoku iliyopinda, iliyoliwa na kutu shingoni au yenye nyuzi zilizokufa ibadilishe hapohapo kwa nyingine ya urefu uleule. Ukifika mwisho, ringi ya zamani itaachia na kubaki mkononi mwako.

Kukaza na kunyoosha

Hapa ndipo gurudumu linapotengenezwa au kuharibiwa, kwa hiyo usifanye jioni ukiwa umechoka.

Kwa bisibisi, ukitokea upande wa tairi, kaza kila nati mpaka nyuzi za spoku zipotee ndani yake kwa kiasi kilekile. Zote zikilingana umeshafanya nusu ya kazi. Kisha shika spana ya spoku na uzunguke ukianzia kwenye valvu, kila nati nusu mzunguko, mpaka uanze kuhisi ukinzani.

Kijana anayejifunza hukosea mwelekeo hapa. Nati hukazwa kufuata saa ukiitazama kutoka upande wa tairi. Lakini unapotumia spana unaitazama kutoka upande wa habu, na hapo kukaza kunakuwa kinyume cha saa. Ukipotea, weka bisibisi kwenye kichwa cha nati, angalia inavyokwenda, kisha endelea.

Rudisha gurudumu kwenye baiskeli iliyogeuzwa. Huna haja ya stendi ya kunyooshea. Funga kipande cha spoku kuukuu kwenye foku kwa mpira wa tyubu, ncha yake ikikaribia ubavu wa ringi bila kuugusa. Zungusha polepole. Au shika kipande cha chaki karibu na ringi. Kila inapokengeuka itajichora yenyewe.

Anza na juu na chini, ndipo uende kushoto na kulia. Mahali ringi ilipoinuka mbali na habu, kaza spoku mbili au nne za hapo, za kushoto na za kulia kwa kiasi sawa. Mahali ilipozama, zilegeze vilevile. Kisha tazama ubavu. Ringi ikikimbilia kulia, kaza za kushoto za eneo hilo robo mzunguko na ulegeze za kulia robo mzunguko. Robo tu. Anayezungusha nati mzunguko mzima kwa hasira ndiye anayebaki na gurudumu linalopiga nane hadi magharibi. Ukifikia tofauti ya milimita 1 ubavuni na 2 juu na chini, breki zitafanya kazi na mgongo wako hautalalamika.

Kujua kama ringi imekaa katikati, toa gurudumu, ligeuze kushoto kuwa kulia, ulirudishe. Nafasi kati ya ringi na miguu ya foku au fremu inapaswa kubaki ileile. Ikihama, kaza spoku zote za upande unaotaka ringi iende, nusu mzunguko kila moja. Gurudumu la nyuma lenye gia nyingi litakuwa na spoku za upande wa friwili zilizokaza zaidi, na hiyo ndiyo hali yake ya kawaida.

Kaza kiasi gani? Gonga spoku kwa ukucha usikilize. Za upande mmoja zilie sauti zinazokaribiana. Inayolia chini imelegea, inayolia juu inabeba mzigo wa wenzake. Kisha bana jozi za spoku kwa vidole na ulinganishe na gurudumu jingine zima la aina hiyohiyo. Ukiwa bado unakaza na ringi ghafla ikakunja nane kubwa, umepitiliza: legeza zote nusu mzunguko. Kukaza kupita kiasi ni njia ya kuirudisha ringi mpya pale ya zamani ilipofia, kwenye matundu yake.

Halafu fanya jambo ambalo mafundi wenye haraka huliacha. Vaa glavu au funga kitambaa mikononi, shika spoku mbili zinazokwenda sambamba upande mmoja, zibane pamoja kwa nguvu zako zote. Zunguka gurudumu zima, pande zote mbili. Utasikia milio midogo: shingo za spoku zinakaa vizuri kwenye habu, na zile zilizojisokota wakati wa kukaza zinajikunjua. Gurudumu litapoteza unyoofu kidogo. Linyooshe tena, ubane tena, mpaka likae kimya. Gurudumu lisilofanyiwa hivi hulegea wiki ya kwanza, na mwenye nalo humlaumu muuza ringi.

Kufunga na siku za mwanzo

Pitisha kidole ndani ya ringi. Ncha ya spoku inayochomoza juu ya nati ikate kwa tupa, ukung'ute vumbi lake lote. Kata ukanda wa tyubu kuukuu ufunike vichwa vyote vya nati, ukiacha tundu kwa ajili ya valvu. Vaa tairi, jaza upepo kidogo, angalia kama limekaa sawa pande zote, kisha jaza hadi kipimo kilichoandikwa ubavuni mwake. Upepo mdogo si huruma kwa ringi: tairi laini linaruhusu jiwe kuifikia ringi na kuibonyeza ukutani, na penye bonyeo ndipo ufa wa baadaye huzaliwa.

Endesha bila mzigo siku ya kwanza. Baada ya kilomita 50 hivi gonga spoku zote tena, unyooshe panapohitaji. Baada ya hapo mara moja kwa wiki inatosha, na ukiwa unabeba magunia fanya kila jioni unapofungua kamba; ni dakika 2. Mzigo usogeze mbele uegemee siti, usiuache uning'inie nyuma ya ekseli. Penye shimo inuka kwenye siti, au shuka ukokote.

Ringi ya zamani usiisimamishe nyuma ya nyumba. Watoto wataichukua kuiendesha kwa kijiti na ule ufa utawachana, au mtu ataiokota, ataipaka rangi ya fedha, na itarudi sokoni kama "used" ya bei nafuu. Chukua msumeno wa chuma, ikate vipande viwili ukianzia palepale penye ufa, uviweke pamoja na chuma chakavu. Kama ni ya alumini itenge, kwa sababu anayenunua chakavu kwa kilo huilipia zaidi, na pesa hiyo inunulie spana yako mwenyewe ya spoku.